Ushanga Usiopenda Uongo

Wanadamu hugawiwa vipawa mbalimbali. Wengine hupewa mikono, wengine hupewa akili, na wapo ambao, kwa sababu tusizozijua, hupewa ulimi peke yake na kuachwa waendelee nao hivyo hivyo mpaka mwisho wa safari. Mwenyekiti alikuwa wa kundi hili la tatu. Cheo hicho alijipa mwenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa nini, hakuna aliyepata kujua. Wanakamati wake hawakuonekana, na vikao vyake havikuandikwa popote. Lakini alikuwa na suti moja ya kijivu, mkoba mmoja wa ngozi, na namna ya kukohoa kabla ya kusema iliyowafanya watu wasimame hata kama walikuwa wameketi kwa raha zao.

Jumatatu moja mvua ya ghafla ilimfukuza barabarani, akajibanza chini ya bati la karakana ya shanga. Ndani, mbele ya moto uliovuma kama nyoka aliyeudhiwa, aliketi mwanamke mnene mwenye miwani myeusi, ambaye watu walimwita Mama Moto. Huyu aliyeyusha vipande vya chupa na kuvizungushia kwenye spoki za baiskeli mpaka vikawa shanga. Uani, kati ya ndoo tatu za maji, aliketi wifi yake, mke wa kaka yake, mwembamba kama spoki zenyewe. Naye aliitwa Bi Maji. Kazi yake ilikuwa kuzivua shanga kutoka kwenye chuma zikishapoa, kuyasugua matundu yake, na kuzilainisha kingo zisije zikamkata mvaaji shingo.

Mwenyekiti alimtazama, kwa kuwa mvua haikumpa jambo jingine la kutazama. Bi Maji alichovya spoki majini, akaushika ushanga kwa kitambaa, akauzungusha mara moja. Ukatoka kwa upole, ukaacha unga mweupe juu ya chuma. Akaingiza ndani ya tundu tupa nyembamba kama mkia wa panya, mikono yote miwili ikiwa ndani ya ndoo, akasugua mpaka weupe ukaisha. Akachukua spoki ya pili, sawa kabisa na ya kwanza. Akazungusha. Ushanga haukutikisika. Akachukua koleo mbili, akauma meno. Ushanga ukabaki palepale, kama mgeni aliyesikia harufu ya chakula jikoni.

“Wifi,” aliita kuelekea ndani, “huu uliupaka udongo au uliupaka maneno?”

“Nilikuwa nakusengenya wewe,” Mama Moto akajibu bila kuacha kazi. “Nikikusengenya huwa nasahau udongo.”

“Basi nisengenye mwishoni mwa juma. Kopo limejaa.”

Akaitupa spoki ndani ya kopo lenye nyingine nyingi za namna hiyo. Mwenyekiti akakohoa, akauliza maana ya jambo hilo. Bi Maji akamweleza bila kuinua macho kwamba kabla ya kioo kuwekwa, spoki huchovywa katika udongo mweupe mlaini na kukaushwa. Udongo huo hukaa kati ya kioo na chuma kama mshenga kati ya koo mbili. Ukiwapo, mambo hutengenezeka. Usipokuwapo, kioo hukumbatia chuma, na hawaachani tena mpaka mmoja avunjike.

“Na kwa macho, mtu anaweza kuzitofautisha?”

“Ukishaosha udongo wa nje, hata mimi siwezi mpaka nishike.”

Mvua ikakatika. Mwenyekiti hakuondoka. Alikuwa amesimama na mdomo wazi kidogo, na yeyote aliyemfahamu angeshika mifuko yake. Aliomba spoki mbili, moja ya kila aina, akasema ni sampuli za kamati. Bi Maji akampa, akamwonya asije akazisugua kavu maana vumbi lake hukaa kifuani, kisha akaongeza, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, kwamba kola ya shati lake ilikuwa chafu kwa ndani.

Yampasa msomaji ajue sasa kilichokuwa kikimsumbua mtu huyu. Kwa miezi mingi Mwenyekiti alilala juu ya mkeka uliotandikwa kwenye sakafu ya saruji, na kila asubuhi mgongo wake ulimkumbusha hivyo. Njiani, kila siku, alipita mbele ya duka kubwa la vitanda na magodoro. Nyuma ya duka palikuwa na ghala, na ghala lilikuwa na ufunguo mmoja tu, uliokaa kiunoni mwa mtunza ghala kwa miaka kumi na tisa. Mwenyekiti hakuutamani ufunguo kwa ubaya. Aliutamani kwa alasiri moja tu, pamoja na lori moja.

Mwenye duka aliitwa Mzee Godoro. Alikuwa na sifa ya ajabu: alionekana mrefu zaidi akiwa ameketi kuliko akiwa amesimama. Nyuma ya meza yake, juu ya kiti kilichofunikwa kwa kitambaa kirefu, alikuwa jitu. Alipoteremka kumsindikiza mteja, alipotelea kati ya vitanda. Na alikuwa na huzuni moja aliyomsimulia kila aingiaye: mito kumi na mmoja ilikuwa imepotea dukani mwake, mmoja baada ya mwingine, na hakumwamini mtu yeyote chini ya jua.

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyefiwa na mito yake mwenyewe. Kisha akafungua mkoba.

“Mzee wangu,” alisema, “mimi ni Mwenyekiti. Nimeletewa chombo ambacho wakubwa wanakitumia kimyakimya. Ni ushanga tu. Lakini haupendi uongo.”

Akaomba bilauri ya maji. Akaichovya ile spoki yenye udongo, akasema kwa sauti kwamba yeye ni mtoto wa mama yake, akazungusha, na ushanga ukatoka. Akaichukua ile ya pili, akatangaza kwamba yeye ni mrefu kuliko mlango, akazungusha mpaka uso ukamwiva. Ushanga ukakataa. Mzee Godoro akanyoosha mkono, kwa kuwa tamaa haina subira.

“Sema uongo wowote, mzee wangu.”

Mzee Godoro alifikiri. “Bei zangu,” akasema taratibu, “ni za chini kuliko za jirani.”

Akazungusha. Akazungusha tena. Macho yakamtoka kama ya mtoto aliyeona mazingaombwe. Mwenyekiti akauchukua haraka kabla hajatamka neno jingine, akasema chombo kisichoshwe, na alipokuwa akiurudisha mkobani akaongeza pambo moja la mwisho, kwa kuwa maneno hayakumgharimu kitu: kwamba hata aliyekataliwa, akiungama kweli yake yote pasipo kubakiza, ushanga humwachia. Lau angejua, angelimeza pambo lile pamoja na ulimi wake.

Wakapatana. Siku ya Ijumaa wafanyakazi wote wangepimwa. Ili mtu yeyote asione kwamba ameonewa, Mzee Godoro angetangulia na Mwenyekiti angemalizia. Atakayekataliwa na ushanga angeondoka siku hiyohiyo, na ufunguo wa ghala ungekabidhiwa kwa mtu ambaye ushanga umemthibitisha. Mzee Godoro mwenyewe, akimtazama juu na chini, alisema hamjui mtu wa namna hiyo isipokuwa huyu aliyemwona mbele yake. Mwenyekiti alikataa heshima hiyo mara mbili, kama adabu inavyotaka, na akaikubali kabla ya mara ya tatu.

Jumanne alirudi karakanani akaagiza spoki ishirini: kumi zenye udongo na kumi kavu. Alieleza kwamba ni za mtihani wa chuo. Mama Moto alisema hajapata kuulizwa afanye kosa kwa makusudi, lakini kosa si kazi ngumu. Mwenyekiti akampa kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, amtilie nukta ndogo kwenye ncha ya kila spoki yenye udongo. Kisha Bi Maji azioshe zote kwa nje pasibaki dalili ya weupe, azikaushe vizuri juani, na ziwe tayari Ijumaa asubuhi. Akatoka akiwa anapiga mluzi. Kichupa cha rangi kikabaki mezani.

Ijumaa alizikuta zimepangwa juu ya kitambaa safi, kumi zenye nukta, kumi zisizo na nukta, zote ziking'aa kama meno ya bibi harusi.

“Nimezisafisha kuliko ulivyoagiza,” alisema Bi Maji. “Kola bado, baba?”

Mwenyekiti alicheka kwa ukarimu wa mtu atakayelala pazuri usiku huo.

Ilipokaribia saa sita mchana duka lilifungwa kwa muda. Mzee Godoro aliketi juu ya kiti chake, akiwatazama wote kutoka mbinguni. Mbele yake alisimama mpakiaji mizigo aliyeitwa Kifua, kwa sababu iliyoonekana wazi, na kando yake mtunza ghala, mtu mkimya mwenye mvi za mapema, mkono wake mmoja ukiwa juu ya ufunguo kiunoni. Alikuwa ameuvaa mpaka ukamchubulia mshipi. Alikuwa na mabinti wanne shuleni, na siku hiyo midomo yake ilikuwa mikavu.

Mwenyekiti akakohoa. Alitoa hotuba fupi juu ya uadilifu, ambayo, tukiacha mtoaji wake, haikuwa na dosari. Kisha akachagua spoki yenye nukta nyekundu, akampa mwenye duka kwa mikono miwili. Mzee Godoro akaichovya majini, akatamka kwamba hajapata kuchukua kisicho chake, akazungusha.

Ushanga ukakataa.

Akajaribu tena. Akajaribu kwa kitambaa. Akainama, akaubana kati ya magoti. Kifua akatoa sauti puani ambayo mara moja aliigeuza kuwa kikohozi. Mwenyekiti akamlaumu moyoni Mama Moto kwa kusahau udongo kwenye hiyo moja. Ulimi wake ukamkimbilia kumwokoa, kama ulivyozoea.

“Labda kuna jambo dogo limesahaulika, mzee wangu. Jambo dogo sana. Mtu akilikumbuka, ushanga huachia.”

Mzee Godoro aliutazama ushanga, akawatazama watu wake, kisha akateremka taratibu kutoka kwenye kiti. Akafupika. Akakiinua kile kitambaa kirefu kwa ncha za vidole, na hapo ikaonekana mito kumi na mmoja, imepangwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa mwembamba kama mkate.

“Kila mmoja nilisema nitaurudisha jioni,” alisema kwa sauti ndogo. “Wateja hawakuwa wakiniona.”

Hakuna aliyecheka, hata Kifua, ambaye aligeuka kuusoma ukuta. Mwenyekiti akachomoa mkobani spoki nyingine pasipo kutazama, akampa. Ilikuwa haina nukta. Mzee Godoro akaichovya, akasema, “Mito nilichukua mimi,” akazungusha, na ushanga ukamtokea mkononi kama mbegu itokavyo kwenye tunda bivu. Machozi yakamlenga. Kuanzia dakika hiyo hapakuwa na mtu duniani aliyeuamini ushanga kuliko yeye.

Mtu mwenye busara angefunga mkoba hapo na kwenda zake. Lakini ufunguo ulikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Mito ikiwa imepatikana, bado palikuwa na neno la kwamba mtunza ghala huenda ana siri nyingine. Mwenyekiti akalisema, kwa masikitiko. Akachagua kwa uangalifu spoki isiyo na nukta, akampa.

“Sema hujapata kumwibia tajiri wako.”

“Sijapata,” alisema mtunza ghala. Akaichovya, akasubiri maji yaingie, akaushika ushanga kwa kitambaa, akazungusha mara moja tu, kama mtu aliyewahi kuiona kazi hiyo ikifanywa nyumbani. Ukatoka kama umepakwa samli.

Wakati huo mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwembamba amebeba bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa Bi Maji.

“Mke wangu,” alisema mtunza ghala. “Nimevuka.”

“Nimeona. Chakula kitapoa.”

Mwenyekiti alimtazama mwanamke, akamtazama mume, akazitazama nukta nyekundu. Yeye hakuwa mjinga. Mjinga hawezi kuishi kwa ulimi miaka ishirini. Alielewa yote kwa mara moja. Siku ya Alhamisi mume alirudi nyumbani kula, akasimulia habari ya bwana wa suti ya kijivu na shanga za spoki. Na mke alikuwa na spoki hizo zikikauka uani kwake, na kichupa cha rangi mezani kwa wifi yake. Alikuwa amezifuta nukta zote, kisha akazitia upya, kila moja mahali pasipostahili. Vema, akawaza Mwenyekiti. Basi nitachukua isiyo na nukta. Akanyoosha mkono kuelekea mkobani.

“Hapana,” alisema Mzee Godoro. “Kifua atangoja. Wewe nitakuchagulia mimi.”

“Mzee wangu, desturi ni kwamba...”

“Chukua hii.” Akamnyooshea ileile spoki iliyomkataa yeye. “Mimi ilinikataa kwa sababu nilikuwa na mito. Wewe huna mto wowote. Haiwezi kukukataa.”

Hoja hiyo haikuwa na mlango wa kutokea. Mwenyekiti akaipokea. Akaichovya kwa muda mrefu kuliko desturi. Akatamka kwamba yeye ni mtu mwaminifu, akazungusha, na ushanga ukafanya kama ulivyoumbwa kufanya.

“Labda,” alisema Mzee Godoro kwa upole mkubwa, upole wa mtu aliyekwisha kuungama na sasa ana nafasi ya kuwasikiliza wengine, “kuna jambo dogo limesahaulika.”

Mwenyekiti akatazama mlango wa mbele. Kifua alikuwa ameuegemea.

Akaanza na madogo. Akasema kwamba si mwenyekiti wa kitu chochote. Akazungusha, wapi. Akasema kwamba suti ilikuwa ya mjomba wake, aliyemwazima kwa arusi moja na bado anaidai. Wapi. Akafungua mkoba mbele ya wote, wakaona taulo, kitana, na nusu ya mkate. Kifua akaleta benchi, akaketi. Mtunza ghala akafungua bakuli lake, akala akisikiliza. Mwenyekiti akaungama juu ya saa ya ukutani aliyomuuzia kinyozi ikiwa haina mashine ndani. Akaungama juu ya kwaya aliyoichangisha vitambaa vya sare na haikuviona tena. Akarudi nyuma mpaka shule ya msingi, kwenye chaki za mwalimu mkuu. Kila mara wote waliinama mbele kutazama, na kila mara wakarudi nyuma na kuguna.

“Bado,” alisema Mzee Godoro. “Kuna kubwa umelificha.”

Hatimaye, sauti ikiwa imekauka, Mwenyekiti akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu apate akili: akasema kweli yote, moja kwa moja, pasipo pambo. Akasema ushanga haujui lolote. Ni kioo tu, kimeshikamana na chuma kwa sababu spoki haikupakwa udongo, na mwanamke yule pale anajua. Alitaka ufunguo wa ghala, apakie magodoro kwenye lori, na mtunza ghala afukuzwe kwa hila. Hiyo ndiyo kweli, na nyingine hana.

Kijiko cha mtunza ghala kilisimama hewani.

“Haya,” alisema Mzee Godoro. “Zungusha.”

Akazungusha kwa nguvu zake zote. Ushanga haukutikisika.

“Unaona?” Mzee Godoro akatikisa kichwa kwa huzuni. “Unaongeza uongo juu ya uongo. Ati haujui lolote, na mimi umenifichua mbele ya watu wangu.” Akamwamuru aondoke na asiiweke spoki ile chini mpaka siku atakaposema kweli. Mkoba ulibaki dukani kama ushahidi, pamoja na ile nusu ya mkate. Mito kumi ilirudishwa ghalani. Wa kumi na mmoja, mtunza ghala mwenyewe aliukung'uta, akaurudisha kitini. Kisha akafunga ghala kwa ufunguo wake, akauning'iniza kiunoni.

Jumatatu iliyofuata Bi Maji alikuwa kati ya ndoo zake alipoona viatu vya mtu vimesimama mbele yake. Alikuwa Mwenyekiti. Suti ilikuwa na makunyanzi, ila kola, ikubaliwe, ilikuwa imefuliwa. Mkononi alishika spoki. Vidole vyake viwili vilikuwa na malengelenge.

“Niazime koleo,” alisema.

Bi Maji akaipokea ile spoki, akaigeuza juani, akamrudishia.

“Hii haina udongo, baba. Haitatoka.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Si mimi niliyeagiza zitengenezwe?”

“Basi malengelenge ni ya nini?”

Mwenyekiti akauficha mkono ndani ya mfuko wa suti. Kutoka ndani Mama Moto aliuliza ni nani huyo, na Bi Maji akasema ni mtihani wa chuo, umerudi. Kisha, kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi na mtu alikuwa amesimama bure, akamsogezea ndoo ya tatu kwa mguu, pamoja na tupa nyembamba na lundo la shanga zilizokwisha kuvuliwa, matundu yake meupe.

“Kaa. Ndani ya maji, si nje. Na usiniambie habari za kamati.”

Akakunja mikono ya suti ya mjomba wake, akaketi, akaanza kusugua. Kwa muda alifanya kazi nzuri, wala hakusema neno. Lakini Bi Maji alipokwenda kuanika vitambaa na kutazama nyuma, alimkuta ameiweka tupa chini. Alikuwa ameinama juu ya ile spoki, ameisogeza karibu kabisa na midomo, naye alikuwa akiinong'oneza habari ndefu juu ya kuku mmoja wa shangazi yake, miaka mingi iliyopita.

Alipomaliza, akatazama kushoto na kulia, akauchovya ushanga majini, akazungusha.